Mwanafunzi Anapokwama Kusoma Kiingereza: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, mtoto hujifunza hisabati, sayansi na masomo mengine kwa Kiswahili, na Kiingereza hukutana nacho kama somo lenye vipindi vyake katika ratiba ya wiki. Anapofika Kidato cha Kwanza mambo hugeuka: karibu kila somo hufundishwa na hutahiniwa kwa Kiingereza, na mtoto ambaye hajawahi kusoma ukurasa mmoja wa lugha hiyo akauelewa hushindwa hata kujua swali la baiolojia linataka nini. Chini ya mtaala wa mwaka 2015 somo la Kiingereza lilianza Darasa la Tatu, na katika mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika mwaka 2024 limeshushwa hadi Darasa la Kwanza. Hatua hiyo inampa mtoto miaka zaidi ya kujifunza, lakini inamwekea mwalimu wa madarasa ya chini jukumu ambalo wengi hawakuandaliwa kulibeba: kufundisha usomaji katika lugha mbili zenye kanuni tofauti, kwa watoto walewale na mara nyingi katika darasa lililofurika.

Mwongozo huu unamlenga mwalimu huyo. Msimamo wake ni kwamba hakuna mtoto anayeshindwa "Kiingereza" kwa jumla. Kila mtoto hukwama mahali mahususi, na msaada usiogusa mahali hapo humchosha yeye na kumchosha mwalimu. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kuwa kusoma kwa kuelewa ni zao la mambo mawili yanayozidishwa: uwezo wa kugeuza maandishi kuwa sauti, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Walisema yanazidishwa, hawakusema yanajumlishwa. Maana yake ni kwamba jambo moja likiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kama la pili liko juu, na ndiyo sababu kazi ya kwanza ya mwalimu ni kujua ni lipi lililo chini kwa kila mtoto.

Hatua ya kwanza: mpime kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza

Mwite mtoto pembeni, mbali na wenzake, umpe aya fupi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili aisome kwa sauti, kisha umuulize maswali mawili au matatu kuhusu alichosoma. Akisoma kwa kukatakata silabi, akibahatisha maneno kwa kuangalia herufi ya kwanza tu, au akimaliza bila kujua aya ilihusu nini, basi tatizo lake la msingi bado si Kiingereza. Kutambua kwamba herufi husimamia sauti, na kwamba sauti zikiunganishwa huleta neno, ni jambo ambalo mtoto hulipata kwa urahisi zaidi katika lugha anayoielewa, na akishalipata hulihamishia katika lugha nyingine. Mtoto wa namna hii arudishwe kwenye stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa Kiswahili kwanza, huku Kiingereza akikisikia na kukizungumza bila kulazimishwa kukisoma. Inasikitisha kuona mtoto asiyesoma Kiswahili akiongezewa tuisheni ya Kiingereza kila jioni, maana anadaiwa ghorofa ya pili wakati msingi haujamwagwa.

Kumbuka pia kwamba kwa watoto wengi wa vijijini, nyumbani kunazungumzwa Kisukuma, Kigogo, Kimaasai au lugha nyingine, hivyo Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili na Kiingereza ni ya tatu. Mtoto huyo anaweza kutamka aya ya Kiswahili vizuri bila kuelewa nusu yake.

Ukitaka kulinganisha kasi, Kenya, kupitia programu ya Tusome iliyoanza nchi nzima mwaka 2015, ilitumia kigezo cha maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza kwa msomaji fasaha wa madarasa ya mwanzo. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba Kiingereza ni rahisi zaidi. Neno moja la Kiswahili kama "hawajanipikia" hubeba mambo ambayo Kiingereza huyagawa katika maneno kadhaa, na hivyo huchukua muda mrefu kusomwa. Kwa hiyo usimpime mtoto wa Kiswahili kwa kigezo cha Kiingereza, wala kinyume chake.

Hatua ya pili: pima Kiingereza katika sehemu nne

Andaa karatasi moja yenye herufi ndogo zilizochanganywa, orodha fupi ya maneno mepesi, na aya ya sentensi tatu au nne. Mwombe mtoto atamke sauti za herufi, asome maneno, asome aya, kisha ajibu maswali kuhusu aya hiyo. Mruhusu ajibu kwa Kiswahili, kwa kuwa hapa unapima kama ameelewa, si kama anaweza kutunga sentensi. Baada ya hapo, msomee wewe aya nyingine ya kiwango kilekile na umuulize maswali ya aina ileile. Sehemu hii ya mwisho ndiyo walimu wengi huiacha, nayo ndiyo inayotoa habari kubwa kuliko zote. Mtoto anayeelewa ukimsomea lakini haelewi akisoma mwenyewe amekwama kwenye herufi na sauti. Anayetamka kila neno sawasawa lakini haelewi akisoma, wala haelewi ukimsomea, amekwama kwenye lugha yenyewe. Matibabu ya watoto hawa wawili hayafanani hata kidogo, ingawa katika mtihani wa kuandika wote wawili watapata alama ndogo na kuwekwa kundi moja.

Sikiliza makosa kwa makini na uyaandike kama yalivyo. Chukua sentensi hizi: "Asha has a red cup. She can run to the shop. Her mother is at home." Mtoto aliyezoea kanuni za Kiswahili anaweza kusoma "redi" badala ya "red", kwa sababu silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu. Neno "cup" anaweza kulisoma "chupu", kwani katika Kiswahili herufi c haisimami peke yake, huitambua tu ikiwa pamoja na h. "She" atalisoma kama mwanzo wa "shemeji", na "home" litakuwa "ho-me", silabi mbili kamili. Hakuna hata kosa moja kati ya hayo linalotokana na uzembe. Mtoto huyu ni msomaji mzuri anayetumia kanuni sahihi katika lugha isiyo yake, na anayestahili kuambiwa hivyo. Mwingine atasoma "red" kama "run" na "shop" kama "she". Huyo anabahatisha, na anahitaji kurudi kwenye sauti moja moja.

Hatua ya tatu: hakikisha anaona, anasikia, anafika na ameshiba

Sehemu hii ni fupi lakini isirukwe. Mweke mtoto nyuma ya darasa umwombe asome ubao. Anayekunja uso, anayenakili maneno tofauti na yaliyoandikwa, au anayetegemea daftari la jirani apelekwe kituo cha afya akapimwe macho. Mtoto mwenye sikio linalotoka usaha mara kwa mara huenda hasikii tofauti ya sauti zinazokaribiana, na usomaji wa Kiingereza unategemea tofauti hizo. Kagua daftari la mahudhurio: mtoto anayekosa shule siku ya mnada au msimu wa kilimo hupoteza sauti zilizofundishwa siku hizo, na asipofidiwa pengo hilo hudumu. Kama shule haina uji, weka kipindi cha kusoma mapema asubuhi kabla njaa haijawachosha.

Hatua ya nne: jenga lugha ya mdomo kabla ya ukurasa

Mtoto wa Darasa la Kwanza anaposoma neno "mama" au "kuku" kwa mara ya kwanza, tayari amelisikia na kulitamka kwa miaka. Akiunganisha silabi, sikio lake linamthibitishia kwamba amepata. Anaposoma "hen" bila kuwahi kulisikia, hana cha kumthibitishia. Hapo ndipo usomaji hugeuka kuwa kelele zisizo na maana, na mtoto huzoea wazo la hatari kwamba kusoma Kiingereza hakuhitaji kuelewa.

Kwa hiyo kila aya utakayowapa watoto waisome, maneno yake yaanzie mdomoni siku mbili au tatu kabla. Tumia vitu halisi: kikombe, ufagio, mlango, tunda, jiwe. Toa amri fupi zinazotekelezwa kwa mwili, kama kusimama, kufungua dirisha, kuweka kitabu chini ya dawati, kwa kuwa mtoto anaweza kuonyesha ameelewa kabla hajaweza kusema. Fundisha maneno ndani ya sentensi inayojirudia, siyo orodha ya kukariri, na rudia sentensi hizo katika shughuli za kawaida za darasa, mathalani wakati wa kuita majina au kugawa vitabu. Maneno matano yanayotumika wiki nzima yana faida kuliko ishirini yaliyoandikwa ubaoni na kufutwa.

Mwalimu anayeona aibu kwa matamshi yake mwenyewe asiache kuzungumza kwa sababu hiyo. Watoto hawahitaji lafudhi ya London. Wanahitaji mtu mzima anayezungumza nao Kiingereza chepesi kila siku. Kiswahili nacho kisifukuzwe darasani. Kueleza maana ya neno gumu kwa Kiswahili mara moja, kisha kuendelea, ni bora kuliko dakika kumi za kuzungukazunguka zinazomwacha mtoto pale alipokuwa.

Hatua ya tano: fundisha herufi na sauti kuanzia pale Kiswahili kilipoishia

Hii ndiyo hatua inayohitaji muda mwingi kuliko zote. Jambo la kutia moyo ni kwamba msomaji wa Kiswahili haanzi na mikono mitupu: konsonanti 18, yaani b, d, f, g, h, j, k, l, m, n, p, r, s, t, v, w, y na z, anazijua kwa sauti zinazokaribiana sana na zile za Kiingereza. Usipoteze wiki nzima kwa herufi m. Kazi iko kwenye irabu, kwenye c, q na x, na kwenye herufi zinazoungana kutoa sauti moja. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja husomwa vilevile popote ilipo. Kiingereza hutumia herufi hizohizo tano kubeba sauti za irabu zinazokaribia 20, kwa hiyo herufi a peke yake inasomwa kwa njia tofauti katika "cat", "cake", "ball" na "about".

Anza na sauti, siyo majina ya herufi. Wimbo wa alfabeti unafurahisha, lakini jina "dabliu" halimsaidii mtoto kusoma "wet". Tena majina ya irabu za Kiingereza humchanganya vibaya mtoto wa Kiswahili: jina la herufi e linasikika kama i yake, na jina la a linasikika kama "ei". Mwalimu akitaja tahajia kwa majina hayo, mtoto anaandika i panapotakiwa e, naye kwa kusikia kwake yuko sahihi kabisa. Majina yaje baadaye, sauti zikishakaa.

Mpangilio unaotumika sana ni kuanza na s, a, t, p, i, n, kwa kuwa herufi hizo sita tu zinatoa maneno mengi: "sat", "pin", "tap", "tin", "nap", "sit", "pan". Maneno haya pia yanamfundisha mtoto kufunga neno kwa konsonanti bila kuongeza irabu mwishoni. Mwonyeshe kwa mdomo wako: tamka "pin" na ubaki umeishikilia n, ili wasikie kwamba haifuatiwi na i. Wape jozi ya "pini" na "pin", waziseme moja baada ya nyingine, wakipiga makofi mawili kwa neno la kwanza na kofi moja kwa la pili. Zoezi hilo huchukua dakika tatu, na lirudiwe kila siku kwa maneno mapya.

Wakizoea maneno ya sauti tatu, nenda kwenye konsonanti zinazofuatana, kama "stop", "desk" na "milk", ambako watoto huingiza irabu na kusema "sitopi" au "desiki". Jenga neno kutoka ndani kwenda nje: "top", kisha "stop". Baada ya hapo fundisha e ya mwisho isiyotamkwa. Andika "cap" na "cape", "pin" na "pine", "hop" na "hope", na waache watoto wenyewe waseme e imefanya nini. Kwa sh na ch hakuna kazi, Kiswahili kimeshazifundisha. Kwa th, tumia hazina uliyonayo: sauti ya "think" iko katika "thamani", na sauti ya "this" iko katika "dhahabu". Palipo na watoto wanaosema "samani" na "zahabu", rekebisha katika Kiswahili kwanza, na utakuwa umefundisha lugha mbili kwa pamoja. Palipo na mchanganyiko wa l na r kutokana na lugha ya nyumbani, usimkatize mtoto katikati ya sentensi. Alama ya usomaji itolewe kwa kutambua neno, na matamshi yafanyiwe mazoezi kwa wakati wake.

Yapo maneno ambayo hayafuati kanuni, nayo hutokea kila mahali: "the", "was", "said", "one", "come", "you". Hayo yafundishwe kwa macho, matatu au manne kwa wiki, kwenye kadi zilizokatwa kutoka maboksi na kuandikwa kwa makapeni.

Hatua ya sita: hakikisha kila mtoto anasoma mwenyewe, kila siku

Uwiano rasmi wa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kila mwalimu anajua madarasa yanayozidi hapo kwa mbali. Katika darasa kama hilo njia inayozoeleka ni mwalimu kusoma na wote kuitikia. Kuitikia kuna nafasi yake katika kuzoeza sikio, lakini baada ya mara tatu watoto hukariri aya nzima na kuisema wakiangalia dirishani. Kuna kipimo chepesi cha kuubaini ukariri huo: gusa neno la katikati ya mstari wa tatu na umwombe mtoto alisome, au mwambie aisome sentensi kuanzia neno la mwisho kurudi nyuma. Anayesoma kweli ataweza. Aliyekariri atalazimika kuanza mwanzo wa aya ili afike pale.

Gawa darasa kwa kufuata ulichokiona katika kipimo, siyo kwa nafasi za mtihani: wanaohitaji sauti, wanaohitaji msamiati, na wanaohitaji kusoma kwa wingi tu. Wakae wawili wawili, mmoja asome, mwingine afuatilie kwa kidole, kisha wabadilishane, wakati wewe unakaa na kundi moja kwa dakika kumi. Kesho kundi jingine. Kabla wiki mbili hazijaisha uwe umemsikia kila mtoto peke yake angalau mara moja.

Uhaba wa vitabu ni kikwazo cha kweli, ila usiwe sababu ya kutosoma. Andika aya kwenye manila au kwenye mifuko ya salfeti iliyofunguliwa na kuoshwa, ambayo hudumu miaka. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania hupatikana katika Maktaba Mtandao yake, na mradi wa African Storybook una hadithi nyingi fupi zinazoruhusiwa kuchapishwa bure, baadhi zikiwa na toleo la Kiswahili na la Kiingereza la hadithi ileile. Hadithi ambayo mtoto ameisoma kwa Kiswahili Jumatatu huwa nyepesi zaidi kwa Kiingereza Jumatano. Kinachonipendeza kuliko vyote ni vitabu vinavyotungwa darasani: mtoto anachora picha ya jambo lililotokea nyumbani, analieleza kwa Kiswahili, mwalimu anamsaidia kuliandika kwa sentensi nne za Kiingereza, na karatasi hizo zikishonwa pamoja darasa linapata kitabu chenye majina na mambo wanayoyajua.

Hatua ya saba: ondoa hofu

Mtoto aliyechekwa aliposoma "ho-me" hatanyoosha mkono tena mwezi mzima. Kiboko kwa kosa la matamshi, na kibao cha kuvalishwa shingoni kwa aliyezungumza Kiswahili, humfundisha mtoto kunyamaza, na mtoto anayenyamaza hapati mazoezi. Weka kanuni ya darasa kwamba msomaji hasahihishwi na wenzake hadi amalize sentensi, na wewe mwenyewe uifuate. Unaposahihisha, taja kwanza alichopatia: "Umesoma h, o na m sawasawa. E ya mwisho hapa inafanya kazi gani?"

Hatua ya nane: mhusishe mzazi asiyejua Kiingereza

Wazazi wengi hujiondoa wakisema lugha hiyo hawaijui. Katika mkutano wa wazazi waeleze kwamba hawatakiwi kufundisha. Wanatakiwa mambo matatu tu: kumpa mtoto dakika 15 za kusoma kabla giza halijaingia, kumsikiliza akisoma kwa sauti hata kama hawaelewi, kisha kumuuliza kwa Kiswahili, "Hadithi inasema nini?" Swali hilo humlazimisha mtoto kutafuta maana. Binti anayechota maji na kupika baada ya shule naye apewe dakika hizo, na mwalimu alitamke hilo waziwazi mbele ya wazazi. Kuhusu tuisheni, waulize kama mtoto wao anasoma huko au ananakili majibu ya mitihani iliyopita.

Hatua ya tisa: pima tena na ubadilishe

Baada ya wiki nane rudia kipimo cha hatua ya pili kwa aya mpya yenye ugumu uleule. Linganisha aina ya makosa kabla ya kulinganisha alama: mtoto aliyekuwa akisema "ho-me" na sasa anasema "hom", ingawa bado anasita, amepiga hatua kubwa ambayo alama haionyeshi. Aliyepanda kasi bila kupanda ufahamu ahamishwe kundi la msamiati. Yule ambaye hajasogea kabisa, ilhali anahudhuria, anaona, anasikia na anasoma Kiswahili, peleka daftari lako la makosa kwenye kikao cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni ili walimu wenzako wamsikilize akisoma. Na kama anatatizika pia kukumbuka herufi za Kiswahili au hupindua mpangilio wa sauti katika maneno ya kawaida, zungumza na mzazi na mwalimu wa elimu maalumu mapema, bila kusubiri Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne.